Kocha Aliyesema na Mlingoti wa Goli

Erakor, Efate
12 Februari

Kaka yangu Harisin,

Pokea salamu za dada yako, mwenye furaha kuliko wanawake wote wa Vanuatu, na kama yupo anayenizidi basi aje tushindane. Huku sote tu wazima, isipokuwa jogoo wa mama mkwe, aliyekanyagwa na lori la mchanga Jumapili tukamla Jumatatu. Mwambie Mama kwamba mkeka alionisukia nimeutandika mahali pa heshima, na hakuna anayeukanyaga na viatu. Mguu wake je? Na viazi vikuu, mmeanza kuvuna au bado mnavitazama?

Kaka, ndoa ni tamu. Sijui kwa nini watu walioolewa huwa wanaficha. Kalsong huamka kabla yangu, akapasua dafu akaliweka dirishani, na juu yake ua jekundu. Kila asubuhi. Nikitoka kwenda dukani kwenye mikate yangu, hunisindikiza mpaka barabarani kama mtu anayesafiri ng'ambo. Na usiku mwingine namtazama amelala, mikono yake mipana imefumbatana kifuani kama amedaka kitu na hataki kukiachia, nami nasema moyoni, Bwana, umenipa mimi huyu?

Sasa habari yenyewe. Wasolomoni wametufunga manne hapahapa nyumbani. Nilikuwepo. Nataka ujue kwamba Kalsong aliruka vizuri mno langoni. Lile la pili, mpira ulikuwa umekwisha kuingia, lakini aliruka vizuri kiasi kwamba mwanamke aliyekaa mbele yangu alisema jamani. Na Mjomba Selwin? Mjomba alikaa pale kwenye benchi na kofia yake kama mtu anayesubiri meli. Hasemi, hanyanyuki. Watu walianza kuimba aondoke hata kabla ya mapumziko.

Mimi ni mpwa wake. Ndiye aliyenishika mkono mpaka madhabahuni baada ya Baba kutuacha. Namheshimu. Lakini kaka, kocha ni mdomo. Ukimtoa kocha mdomo kinabaki nini, kofia?

Nijibu upesi, wewe unayeujua mpira: abaki au aende?

Dada yako aliyeshiba upendo,
Eslin


Valua, Mota Lava
9 Machi

Mdogo wangu Eslin,

Barua yako imekuja na ndege ya Ijumaa, imelowa kona moja, lakini furaha yako haikulowa, ilitapakaa ukurasa mzima. Sisi hatujambo. Mama amerudi shambani kabla muuguzi hajamruhusu, na ukimuuliza mguu anakuuliza wewe wako. Viazi vikuu mwaka huu ni vinene. Vya Mjomba Selwin tunavitunza upande wa juu kama kawaida, maana hata akiwa huko mjini Vila shamba lake halilali njaa.

Jambo la pili. Mimi ni kaka yako. Kaka wa Mota Lava haandikiwi habari za mwanamume aliyelala. Nilikuwa naisoma barua yako kwa sauti barazani, Mama yupo, na majirani wawili wameshuka kusikia salamu zao. Nilipofika kwenye mikono iliyofumbatana ikabidi nijifanye nimepaliwa.

Mpira tuliusikiliza shuleni, redio ikiwa juu ya meza yangu na wanaume wamejaa madirishani. Aibu gani ile. Mabeki wetu wanakaba kama watu wanaosindikiza mgeni: wanatembea naye ubavuni mpaka mlangoni, halafu wanamtakia heri. Yule winga wa kushoto anakimbia kama amejitwika ndoo ya maji. Straika wetu hata umpe goli lenye upana wa kanisa atagonga kengele. Na wale wazee wa Shirikisho wenye viti vya kuzunguka, wanazunguka wao kuliko unavyozunguka mpira, kisha wanasema lawama ni za kocha. Wakimfukuza watamleta Mzungu mwenye filimbi shingoni na kaptura fupi, naye atatufundisha kufungwa kwa Kiingereza.

Kuhusu sehemu nyingine za timu sina la kusema.

Unaniuliza kama Mjomba abaki. Mimi nasema abaki. Usiniulize kwa nini.

Msalimie mwenye nyumba yako.

Kaka yako,
Harisin


Erakor, Efate
4 Aprili

Kaka Harisin mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka mama mkwe akaja kuchungulia. Hapa tu salama. Mama mkwe ananifundisha kupika laplapu kwa namna ya Erakor, viazi vya kuparuzwa na tui ndani ya majani, na ile ya Jumapili niliiunguza upande wote wa chini. Kalsong aliila yote. Alilamba jani. Kaka, mwanamume anayelamba jani la laplapu iliyoungua, huyo si mume tena, ni zawadi. Hili nimekuandikia la mchana, hakuna aliyelala, kwa hiyo usipaliwe.

Nimeona umewasema wachezaji wote isipokuwa Kalsong. Nimemwonyesha, amefurahi sana. Kwa hiyo hata wewe uliye mbali unaona kwamba kosa si lake.

Basi sikia ya Tahiti. Sita. Nilihesabu mpaka nikaona aibu ya kuhesabu. La tatu lilimpita katikati ya miguu, lakini jua lilikuwa machoni. La nne jua lilikuwa limehama, ila yeye bado alikuwa analiwaza la tatu. Mwenzangu wa dukani aliniuliza kama mume wangu amekula asubuhi. Nilimwambia aulize kama kocha ameamka.

Na tena, jambo linaloniumiza. Zamani, kabla ya harusi, Mjomba alikuwa akimtukana Kalsong dakika zote tisini. Mzembe, gogo, toka, rudi, unalala, uwanja mzima unasikia. Sasa hamwiti hata jina. Siku ya mechi anasoma majina kumi kisha anakunja karatasi, na wenzake wanajua kwamba la kumi na moja ndilo lile lisilosomwa. Kalsong anafikiri Mjomba amemchukia kwa kunioa mimi. Nimemweleza kwamba kwetu mjomba wa mke ni mkwe kamili, na mkwe hamtaji mkwe wake, ni adabu tu za kisiwani. Akaniuliza ni adabu gani ya kumnyima mtu hata tusi.

Kwa hiyo, kaka, Jumamosi nilifanya jambo. Kile kipindi cha redio cha wasikilizaji, nilikipigia kwa simu ya duka. Jina sikutaja. Nilisema, "Kocha huyu ana macho, hana mdomo. Kama hawezi kusema na wachezaji wake, arudi kwao akaseme na viazi vikuu." Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa, na watu wa foleni ya mikate wakanipigia makofi.

Kalsong aliposikia alinikumbatia. Kwa hiyo najua nilifanya vizuri.

Wako,
Eslin


Erakor, Efate
16 Mei

Kaka Harisin,

Salamu. Ndege imekuja na kurudi mara nyingi na hakuna barua yangu. Kama Mama anaumwa niambie. Kama wewe unaumwa mwambie mtu aniambie. Mama mkwe anauliza kama kwetu hakuna wino.

Mimi ni mzima na Kalsong ni mzima, ingawa amekonda kidogo. Watoto wa kijiji wameanza kumwita Mlango Wazi. Juzi nilimfukuza mmoja kwa ufagio mpaka kanisani.

Shirikisho limetangaza. Baada ya mechi na Fiji, mwisho wa Julai, watakaa kikao na kupiga kura kama Mjomba abaki au aende. Hapa Vila hakuna anayemtetea. Gazeti limemchora akiwa bundi kwenye benchi. Na mimi, kusema kweli, naona watu wana haki. Lakini nilimwona Jumapili nje ya kanisa, akanipungia mkono kwa mbali akapita, na tangu hapo sijisikii vizuri.

Andika, kaka. Hata matusi.

Eslin


Valua, Mota Lava
2 Juni

Eslin,

Salamu zako zimefika, za Aprili na za Mei. Sikuwa mgonjwa. Ndege haikuharibika. Wino upo. Nilikuwa na hasira, na mwalimu mwenye hasira haandiki, anafuta ubao.

Jumamosi ile kijiji kizima kilikuwa kwenye redio, maana walisema wataongea habari za Mjomba. Mama alikuwa amekaa mbele, kwenye mkeka. Ikaja sauti yako. Unasema hukutaja jina. Ulidhani Mama angehitaji jina? Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mama alijifunga kitambaa kichwani, akachukua kijiti chake cha kulimia, akapanda shamba la Mjomba, la ndugu yake, akapalilia peke yake mpaka giza. Hajasema neno juu ya jambo hilo mpaka leo. Wewe ulipigiwa makofi na foleni ya mikate.

Sasa soma polepole. Sitasema lolote juu ya mtu yeyote wa nyumba yako. Ni shemeji yangu, jina lake halipiti kwangu, na ubaya wake haupiti kwangu, hata kama ungekuwepo. Ndiyo maana niliwasema mabeki na winga na wazee, nikafika mahali nikanyamaza. Wewe ukadhani nimemsifu. Umekaa shule za mbali tangu una miaka kumi na miwili, umerudi na cheti, na adabu za kwenu umezifanya kuwa kitu kama pambo la ukutani.

Kwa hiyo nitasema juu ya harusi tu, maana harusi ni yetu sote. Timu ya Mjomba ilianza kufungwa lini? Ilianza wiki ile tulipomla nguruwe wa harusi yako.

Mpaka siku ile Mjomba alikuwa na mdomo, tena mchafu, na sisi tulikuwa hatufungwi ovyo. Kutoka siku ile ana mkwe uwanjani. Mkwe haitwi jina. Mkwe hapigiwi kelele. Mkwe haambiwi mbele za watu kwamba amekosea, na kumwondoa mahali pake kwa mdomo wako mwenyewe ni sawa na kumvua nguo, na uchi wenyewe utakuwa wa mpwa wako aliyeolewa juzi. Mjomba ataiacha kazi kabla hajafanya hivyo. Wewe ulimfunga mdomo kwa harusi yako, kisha ukapiga simu kumcheka kwamba hana mdomo.

Kama huniamini, nenda kwenye mazoezi. Simama nyuma ya lango, usikilize Mjomba anasema na nani, maana mzee wa kwetu akinyimwa mkwe hakosi wa kumwambia.

Harisin


Erakor, Efate
24 Juni

Kaka,

Nakusalimu, na Mama namsalimu nikiwa nimeinama. Mama mkwe hajambo. Siwezi kuandika ya nyumbani marefu leo, utanisamehe.

Nilikwenda. Niliomba ruhusa dukani, nikasimama nyuma ya wavu, kando ya wale wanaouza karanga. Mjomba alikuja mpaka kwenye goli. Akampa Kalsong mgongo, akauelekea mlingoti, uso kwa uso kama watu wawili wanaodaiana. Halafu akasema nao kwa sauti ya chini. "Wewe mlingoti, mpira wa juu ukija usingoje ukufuate nyumbani. Utoke. Kona ikipigwa unalala. Mlingoti mvivu wewe, nimekulea bure." Wachezaji wengine walikuwa wanabana vicheko. Kalsong alikuwa upande wa pili wa lango, anafunga kamba za viatu, anafikiri mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Na mimi, kaka, nilicheka kwanza. Nilicheka kwa sauti. Ndipo Mjomba akageuka akaniona.

Alikuja akaniuliza mguu wa Mama unaendeleaje. Akaniuliza kama mikate inanuka vizuri asubuhi. Ya redio hakusema. Nilitamani aseme. Nilisimama pale na mkoba wangu nikingoja, naye akasema jua ni kali, nisikae bila kitu kichwani, akanivika kofia yake akarudi uwanjani.

Jioni nilimwambia Kalsong yote. Nilidhani atakasirika. Aliniuliza tangu lini Mjomba anautukana ule mlingoti. Nikasema kwa hesabu ya kaka yangu, tangu harusi. Akasema, "Basi ule mlingoti umefundishwa kuliko mimi."

Nimejua sasa jambo ambalo sikutaka kulijua. Mume wangu ni kipa anayehitaji kupigiwa kelele. Yeye mwenyewe amesema: akiwa peke yake pale langoni anaanza kuwaza, na kipa akianza kuwaza mpira umekwisha kupita. Matusi ya Mjomba yalikuwa yanamshika kama mkono mgongoni. Mkono ukaondoka, na mimi nikawa namsifu anavyoruka.

Akanituma kwa Mjomba. Alisema watu wa Erakor hawana mwiko huo, amtukane tu, hakuna atakayedai faini. Nikaenda. Mjomba alipokea kofia yake, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hapana. "Ukocha nilipewa na Shirikisho, ukwe nilipewa na dada yangu. Ukocha naweza kuurudisha, ukwe siwezi." Nikamwambia watamfukuza. Akasema anajua.

Kaka, nifanye nini? Sitaki Mjomba afukuzwe kwa ajili yangu. Na sitaki Kalsong aondolewe langoni. Niliolewa na kipa wa taifa. Nikisikia wanaitaja jezi yake moyo wangu unapanda mti.

Eslin


Valua, Mota Lava
8 Julai

Mdogo wangu Eslin,

Mama amepokea salamu. Amesema neno moja, kwamba umekonda hata kwenye mwandiko, ule vizuri. Kwa Mama hayo ni maneno mengi. Tumemaliza kuvuna na ghala limejaa. Hatujui tufurahi au tungoje Julai iishe.

Unataka vyote viwili. Kila mtu anataka vyote viwili. Hata wale wazee wa Shirikisho wanataka kushinda na kulala.

Lakini ipo njia, na ningekuwa na dada mwenye akili za kwao angekwisha kuiona. Mwanamke aliyekaa katikati ya wakwe ndiye njia yao. Wewe unaweza kuwataja wote wawili. Neno likipita kwako si lake tena, hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Bibi yetu alikuwa akipeleka matusi ya Babu kwa mkwe wake ng'ambo ya kijiji na kurudi na majibu, na njiani alikuwa akiyatia chumvi. Nahodha wa timu hawezi kazi hiyo. Ni wewe tu, kwa sababu ni wewe uliyewafanya wakwe.

Kaa nyuma ya benchi la Mjomba siku ya Fiji. Yeye ataongea na hewa, wewe ongea na lango. Sauti unayo, visiwa vyote tumeisikia.

Lakini jua jambo moja kabla hujakaa pale. Ukikubali kuwa mdomo wake, huchagui maneno. Akisema tamu unasema, akisema chungu unasema. Siku ukianza kuchagua, wewe si mdomo tena, wewe ni mke wa mtu, na ukae huko jukwaani na wake wa watu.

Mabeki wako palepale. Nimesikia wanafanya mazoezi ya kukimbia. Nani aliwaambia walikuwa na haraka?

Kaka yako,
Harisin


Erakor, Efate
3 Agosti

Kaka yangu Harisin,

Nianze na la mwisho ili Mama asishike kifua: Mjomba amebaki. Walipiga kura Jumatatu wakapishana kwa kura moja, na mzee mmoja alisema sababu yake ni kwamba hajawahi kucheka vile tangu tupate uhuru. Hiyo ndiyo akili inayoendesha mpira wetu. Kalsong hayumo kwenye kikosi cha Septemba. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. Sisi ni wazima. Mama mkwe amekuwa na ubaridi kidogo kwangu, lakini jana alinipa bakuli langu bila kuombwa.

Sasa sikia mechi yenyewe, maana najua redio ilikatikakatika.

Nilikaa kiti cha mbele, nyuma ya mgongo wa Mjomba kabisa. Mzee hakugeuka. Aliuambia uwanja, kama mtu anayejisemea, kwamba mtu wa langoni anasogea sana kulia. Nikasimama nikapaza: Kalsong, rudi kati, huko kulia kuna mkutano? Watu waliokuwa karibu wakageuka. Akamwambia hewa kwamba mpira wa juu unakuja. Nikapaza: toka, unasubiri barua? Akatoka, akaupiga ngumi mpaka katikati. Basi ikawa hivyo. Mjomba ananong'ona, mimi napiga ukelele, na chumvi nilitia, ya Bibi na yangu. Nilimwita gogo, nilimwita ng'ombe wa harusi. Mpaka mapumziko Fiji hawakupata kitu, na walewale waliokuja na bango la kumfukuza Mjomba walikuwa wanangoja nifungue mdomo ili wacheke. Kalsong naye alikuwa anacheka kule langoni. Nilimpenda siku ile kuliko ya harusi.

Kipindi cha pili Fiji wakaongeza mwendo. Kaka, hapo ndipo nilipoona. Neno la Mjomba lina safari mbili, kwake mpaka kwangu, kwangu mpaka langoni. Mpira una safari moja. Nilikuwa bado natamka "kushoto" wakati umelala wavuni kushoto. Dakika chache baadaye mwingine ukagonga mwamba, na Kalsong alikuwa ananitazama mimi badala ya mpira. Bango likainuliwa tena. Wazee wa Shirikisho wakaanza kuinamiana masikioni.

Mjomba akasema na nyasi, polepole sana, "Mwambie apumzike. Moli aingie."

Moli ni yule kipa wa akiba kutoka kisiwa cha Santo, aliyekaa benchi miezi yote hii bila kuchafua hata kiatu.

Nilijifanya sijasikia. Nakuambia wewe kaka yangu, nilitazama mawingu. Akarudia. Nikainama mpaka sikioni kwake, nikamuuliza, "Mjomba, leo hii, mbele ya watu wote hawa?"

Akasema, "Sina mdomo mwingine, mwanangu."

Na nilijua kwamba nikinyamaza hatapaza sauti. Hatamtazama hata msaidizi wake. Atakaa pale na kofia yake, tutafungwa la pili na la tatu, Jumatatu watamfukuza, atapanda ndege aje huko kwenye viazi vyake, na Kalsong atabaki na jezi yake. Hakuna ambaye angejua isipokuwa sisi wawili. Na yeye asingesema kamwe. Ningenyamaza tu, kaka. Ilikuwa rahisi kuliko kupumua.

Nikasimama. Chumvi sikutia. Nilisema, "Kalsong, Mjomba anasema upumzike."

Sauti ilikatika kwenye jina, nikalirudia. Uwanja ulikuwa umenyamaza kungoja utani, ukasikia wote. Hakumtazama Mjomba. Alinitazama mimi, kwa mbali vile, kisha akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja.

Njia fupi ya kuja benchini ilikuwa kukata moja kwa moja mbele ya Mjomba. Kwetu mtu hapiti mbele ya uso wa mkwe wake, wewe unajua, lakini mimi sikuwahi kumwambia Kalsong hilo, wala watu wa Erakor hawana habari nalo. Sijui kama aliliona kwetu siku ya harusi, au ni moyo wake tu. Aligeuka akatokea nyuma ya goli. Akazunguka kibendera cha kona, akafuata mstari wa upande ule wa mbali, wote, mbele ya jukwaa la watu wa maneno. Walimrushia maganda ya machungwa. Walimwambia aende akafunge mlango wa nyumbani kwake. Mmoja alimuuliza kama kwa kutembea nako anahitaji mkewe. Hakuharakisha. Akapita nyuma ya goli la Fiji, akaja kwa nyuma mpaka kwenye viti vyetu. Na muda wote ule Mjomba alisimama amevua kofia, ameishika kifuani, anatazama chini, mpaka Kalsong alipokaa. Ndipo akaivaa.

Moli alidaka mitatu. Na dakika za mwisho yule winga wako wa ndoo ya maji alipiga krosi mbovu, ikamgonga beki wa Fiji begani ikaingia. Tukatoka sare, moja kwa moja. Watu wanasema Mjomba ni mjanja. Wiki iliyopita alikuwa bundi.

Lakini hayo niliyasikia tu, sikuyaona. Nilikuwa nimekaa na mume wangu ubavuni, glavu ziko magotini kwake, na nilikuwa naogopa kumtazama. Nilingoja anilaumu. Nilikuwa nimeandaa majibu, kwamba sikuchagua mimi, kwamba nilikuwa mdomo tu, na yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa.

Baadaye, macho yake yakiwa uwanjani, akasema, "Sauti yako ilikatika."

Nikasema najua.

"Siku nyingine usiikate. Kipa lazima asikie vizuri."

Mpe Mama mikono yangu yote miwili.

Dada yenu,
Eslin